Magari Yajiendeshayo na Safari za Kila Siku Pembezoni mwa Dar es Salaam: Nani Atabeba Hasara ya Foleni?

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna magari yajiendeshayo yanavyoweza kubadili safari za kila siku za wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, hususani Kinondoni na Temeke. Hoja inayojengwa ni kwamba dereva wa daladala hafanyi kazi ya kushika usukani peke yake. Yeye na konda wake ndio wanaobeba hasara ya foleni, ya abiria wachache na ya faini, kwa kuwa kipato chao ni kile kinachosalia baada ya hesabu ya tajiri na mafuta. Kumwondoa dereva ni kuihamisha hasara hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama teknolojia inawezekana, inafaa kuuliza hasara hiyo itahamia kwa nani. Makala yanaangalia utendaji wa magari hayo, uchumi wa daladala, huduma za kuita gari kwa simu, njia maalumu za mabasi na pengo lililomo katika sheria.

Istilahi za msingi: magari yajiendeshayo, daladala, hesabu, deiwaka, mwendokasi

1.0 Utangulizi

Alfajiri katika kituo cha Kizuiani, Mbagala, mgeni hushangaa kuona abiria wanaogombea magari yanayokwenda upande usio wao. Mtu anayetaka kufika Kariakoo hupanda daladala inayomalizia ruti yake Rangi Tatu, akalipa nauli ya kwenda asikokwenda, kisha akatulia kwenye kiti mpaka gari ligeuze. Wenyeji huita kugeuza nayo. Anayeshindwa kugeuza husimama njia nzima, au hubaki kituoni akitazama magari yaliyojaa yakimpita.

Tabia hii inatufundisha jambo ambalo maandiko mengi kuhusu magari yajiendeshayo hayaligusi. Maandiko hayo, ambayo kwa sehemu kubwa yameandikwa Marekani, Ulaya na China, humchukulia msafiri wa kila siku kuwa mtu aliye peke yake ndani ya gari lake, anayechoshwa na kuendesha. Humwahidi kwamba atasoma, atalala au atafanya kazi huku gari likijipeleka. Msafiri wa Mbagala haendeshi. Anachokitafuta ni kiti, muda unaotabirika, na nauli isiyobadilika kwa sababu mvua imenyesha.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari zinapolinganishwa na za miaka ya nyuma, kwa sababu Kigamboni ilimegwa kutoka Temeke na Ubungo kutoka Kinondoni baada ya sensa ya mwaka 2012. Kinondoni ya tasnifu nyingi za zamani ina Kimara na Mbezi ndani yake. Hata kwa mipaka ya sasa, wilaya hizi mbili zina sura zaidi ya moja. Kinondoni ni Magomeni, lakini pia ni Tegeta, Boko na Bunju. Temeke ni Keko na Chang'ombe, lakini pia ni Chamazi, Mbande na Toangoma, ambako makazi yameongezeka kwa kasi huku ajira nyingi zikibaki Posta, Kariakoo na kando ya Barabara ya Nyerere.

Mwandishi wa makala haya amekuwa abiria wa Barabara ya Kilwa kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya kuwasilisha pendekezo la utafiti wake alishushwa Mtoni kwa Aziz Ali, gari likageuza, nauli haikurudishwa, na jopo likamsubiri. Kwa hiyo hana sababu ya kuutetea mfumo uliopo. Anachokusudia ni kueleza unavyofanya kazi, ili tujue ni kitu gani hasa kinachopendekezwa kubadilishwa.

2.0 Gari Linalojiendesha ni Kitu Gani

Jina lenyewe linahitaji kutazamwa. Katika vyombo vya habari vya Kiswahili huonekana mara nyingi "gari lisilo na dereva". Jina hilo linaeleweka upesi, lakini linaficha kitu. Magari ya kukodi yanayojiendesha katika miji ya Phoenix na San Francisco yana watu wanaoyafuatilia kwa mbali na kuyasaidia yanapokwama, na wengine wanaoyachaji, kuyaosha na kuyavuta yakiharibika. Dereva ameondoka kwenye kiti, na kazi yake imegawanywa na kupelekwa ofisini na gereji. Makala haya yanatumia "magari yajiendeshayo", kwa kufuata muundo ambao msomaji ameuzoea katika jina la Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART). Ikumbukwe kwamba watu wa mitaani hawakulipokea jina hilo rasmi; walisema mwendokasi, na huenda magari haya nayo yakabatizwa na wapiga debe kabla kamati yoyote ya istilahi haijakutana.

Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa mwaka 2014 mgawanyo wa ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano, ambao sasa hutumiwa na watafiti wengi. Katika ngazi ya pili gari linaweza kushika usukani na kufunga breki, lakini binadamu anawajibika kutazama barabara wakati wote. Katika ngazi ya nne gari hujiendesha lenyewe bila msaada, ila ndani ya mipaka iliyowekwa: mji fulani, barabara fulani, hali fulani ya hewa. Ngazi ya tano ni gari linaloweza kwenda popote ambako dereva mzoefu angekwenda. Gari la ngazi hiyo halipo. Kila huduma inayotajwa katika habari kuwa haina dereva ni ya ngazi ya nne, na mipaka yake ndiyo nusu ya habari yenyewe.

Kazi ya gari la namna hii inaweza kugawanywa katika hatua nne: kuhisi, kutambua, kutabiri na kuamua. Kuhisi hufanywa na kamera, rada na laida, yaani chombo kinachotuma mwanga wa leza na kupima unavyorudi. Kutambua ni kuamua kwamba kile kilichohisiwa ni mtu, pikipiki au mfuko wa plastiki. Hatua hizi mbili zimepiga hatua kubwa tangu mwaka 2004, ambapo katika shindano lililoandaliwa na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani (DARPA) hakuna gari hata moja lililomaliza njia ya jangwani. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza, na mwaka 2020 kampuni ya Waymo ilifungua kwa umma wa Phoenix huduma isiyokuwa na mtu kwenye kiti cha mbele.

Ugumu umebaki katika kutabiri. Tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionesha kwamba gari lilikuwa limemhisi sekunde zaidi ya tano kabla. Lilimwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila lilipobadili jina lilianza upya kukisia aendako. Programu yake haikuwa imepangwa kumzingatia mtu anayevuka mahali pasipo na alama za kivuko. Aliyewekwa ndani kusimamia gari naye hakuwa akitazama barabara.

Msomaji anayeifahamu Barabara ya Kilwa atakuwa ameshaona tatizo. Kuvuka pasipo na alama ndiyo namna ya kawaida ya kuvuka. Mama mwenye beseni kichwani huinua kiganja, akamtazama dereva usoni, akapita. Mkokoteni wa maji hukatisha kwa pembe. Bodaboda huja upande usio wake, akiwa na taa au bila taa. Konda hutoa mkono dirishani, akapiga bati mara mbili, na gari la nyuma linajua kwamba la mbele linaingia. Kwenye makutano makubwa, taa za barabarani huweza kuwaka kijani huku mkono wa trafiki ukisema subiri, naye trafiki hufuata urefu wa foleni anaouona au simu aliyopigiwa. Mashine inaweza kufundishwa kuutambua mkono wa askari. Kujua kwamba mama yule atasimama au atapita kunategemea kutazamana, na mle ndani hakuna wa kutazamana naye.

Gari lisilojua la kufanya limefundishwa kusimama, na hilo ni sawa kwa usalama wa mtu mmoja. Desemba 2025 umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya San Francisco na taa za barabarani kuzimika, magari ya Waymo yalikwama kwenye makutano hadi huduma ikasitishwa. Katika Dar es Salaam taa kuzimika si tukio la kuandikiwa habari.

3.0 Kutoka Dala hadi Hesabu

Daladala ilizaliwa nje ya sheria. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa katika miaka ya 1970 baada ya kugawanywa kwa kampuni ya DMT iliyokuwa imetaifishwa, lilikuwa ndilo lenye haki ya kubeba abiria wa jiji. Mabasi yalipopungua kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni, magari ya watu binafsi yalijaza pengo kwa kujificha. Nauli yao, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ilikuwa shilingi tano, ambayo sarafu yake mitaani iliitwa dala. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kutoa huduma hiyo kwa leseni, na jina la magendo likabaki kuwa jina la biashara halali.

Kilichofuata ndicho msingi wa makala haya. Mwenye gari, ambaye dereva humwita tajiri, hakuajiri kwa mshahara. Alikabidhi gari asubuhi na kudai kiasi maalumu jioni, nacho kinaitwa hesabu. Dereva na konda hununua mafuta, hulipa hesabu, humalizana na wapiga debe, hulipa faini, na kinachobaki ndicho chao. Akichoka au akiugua, dereva humpa usukani deiwaka, yaani mtu anayefanya kazi kwa siku moja moja bila mkataba na yeyote. Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa umma na kazi zisizo na uhakika Dar es Salaam, ameonesha kwa kina jinsi uhusiano huu unavyouelekeza mzigo wote wa biashara kwa wafanyakazi, na jinsi wafanyakazi hao walivyopambana, wakati mwingine kwa mafanikio, kudai mikataba ya ajira.

Tuchukue siku mbili kwa mfano wa kufikirika tu. Siku ya kwanza barabara ni nyeupe na gari linafanya safari saba kati ya Rangi Tatu na Makumbusho. Siku ya pili imenyesha, lori limelala karibu na Mtoni, na gari linafanya safari nne. Hesabu ya tajiri haikubadilika. Mafuta hayakupungua kwa kiasi hicho, kwa kuwa gari limenguruma kwenye foleni. Tofauti ya safari tatu yote imeangukia kwa watu wawili waliokuwa ndani ya gari tangu usiku. Tukiliona hili, mambo mengi tunayoyaita tabia mbaya za madereva huonekana kuwa hesabu za kujumlisha na kutoa: kukatisha ruti, kukimbizana, kupakia kupita kiasi, kuwakwepa wanafunzi. Aliyenishusha Mtoni asubuhi ile alikuwa akijaribu kupata safari ya tano.

Sasa turudi kwenye gari linalojiendesha. Katika nchi zenye mishahara mikubwa, sehemu nzito ya gharama ya kuendesha basi au teksi ni malipo ya dereva, na kumwondoa kunamletea mwenye chombo nafuu ya moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu mitaji mikubwa imemiminwa katika teknolojia hii. Kwa tajiri wa Temeke hali ni kinyume. Dereva wake si gharama katika daftari lake. Ni mtu anayemlipa yeye, kila jioni, kiasi kilekile, foleni iwepo isiwepo. Akimwondoa na kuweka mashine, ataondoa pia bima yake dhidi ya foleni. Mashine haiwezi kuambiwa ilete hesabu kamili siku ya mvua. Italeta nauli ya safari nne, nayo hasara ya safari tatu itatua mezani kwake.

Kwa sababu hiyo, wanaotabiri kwamba daladala zitabadilika taratibu, moja baada ya nyingine, kuwa vyombo vinavyojiendesha wanautazama mfumo kutoka mbali. Gari la kawaida la ruti ni Coaster au Civilian lililonunuliwa likiwa limetumika na linalotunzwa na mafundi wa gereji za mtaani kwa vipuri vya mtumba. Hakuna njia inayoonekana kutoka hapo kwenda kwenye laida inayohitaji kusafishwa vumbi na kupimwa upya kila ikigongwa. Mwenye kuleta magari hayo atakuwa mtu mwingine kabisa, mwenye mtaji wa aina nyingine. Naye atataka kujua mapema nani atafidia siku ya mvua: abiria kwa nauli inayopanda na kushuka, au serikali kwa ruzuku.

4.0 Programu Iliyokwisha Kufika

Jibu moja tumeshalionja. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wengine wakafuata. Watafiti wengi huziweka huduma hizi katika kundi la urahisi wa kuita gari. Katika mjadala huu zinafaa kuitwa hatua ya kwanza ya kumtenganisha dereva na maamuzi yake. Programu ndiyo inayochagua abiria, inayopanga njia na inayopanga bei. Binadamu amebakiwa na usukani. Na bei hupanda mahitaji yanapokuwa makubwa, maana yake saa ambazo mvua imenyesha na daladala hazipatikani.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni hizo humkata dereva. Uber ilisema haiwezi kufanya kazi kwa kiwango hicho na ikasitisha huduma mwezi Aprili mwaka huo. Ilirejea Januari 2023, baada ya kiwango kuangaliwa upya na kupandishwa. Mtu anaweza kuitetea LATRA au kampuni. Kwa mada yetu, kinachohusu ni kwamba siku huduma ilipozimwa, magari yalibaki mjini, kwa kuwa yalikuwa ya madereva na ya matajiri wa hapa. Walihamia programu nyingine au wakarudi kijiweni. Kama magari yenyewe yangekuwa ya kampuni na hayana madereva, kuzimwa kwa programu kungekuwa kuzimwa kwa usafiri. Katika ruti ya Chamazi, jambo hilo lingekuwa na uzito kuliko lilivyokuwa kwa wateja wa teksi wa Masaki.

5.0 Njia Isiyoingiliwa na Mkokoteni

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata bidhaa Dubai wamekwisha kupanda chombo kinachojiendesha, huenda bila kulitafakari. Reli ya mjini ya Dubai, iliyofunguliwa Septemba 2009, haina dereva. Nayo haikuwa ya kwanza: mji wa Lille nchini Ufaransa ulifungua ya kwake mwaka 1983. Treni hizo hazihitaji kutabiri nia ya mama mwenye beseni, kwa sababu mama huyo amewekewa ukuta na mlango. Ugumu ulioelezwa katika sehemu ya pili umeondolewa na seremala na mwashi kabla ya kufika kwa mhandisi wa kompyuta.

Dar es Salaam ina kitu kinachokaribiana na hicho. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, yenye urefu wa takribani kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na mradi huo ukalipatia jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Awamu ya pili imepita katikati ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Njia hizi zimetengwa kwa kingo, vituo viko katikati, mabasi hayapishani na kila mtu. Kama kuna mahali mkoani hapa ambapo basi la ngazi ya nne lingeweza kufanya kazi katika kipindi ambacho wasomaji wa makala haya watakuwa hai, ni humo. Na humo dereva ni mwajiriwa wa kampuni, si mlipa hesabu. Hasara ya foleni iko kwa mwendeshaji tayari.

Hata hivyo, historia ya njia hizo inatia shaka kama usukani ndio uliokuwa tatizo. Huduma ya awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 ilhali mpango ulihitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Karakana ya Jangwani imejaa maji mvua baada ya mvua, na njia ikafungwa. Barabara ya Mbagala ilikaa kwa muda mrefu ikiwa imekamilika, lami nyeusi, vituo vimesimama, nasi tukiitazama kutoka kwenye daladala zilizobanana pembeni yake, kwa sababu mabasi hayakuwa yamefika. Hakuna siku katika miaka hiyo ambayo njia ile ilisubiri dereva. Ilisubiri mkataba, mwekezaji na mabasi. Programu ya kuendesha isingeharakisha hata kimoja kati ya hivyo, na bei ya basi lenye vihisi ingeongeza kungoja.

Palipo na faida ya kweli ni padogo kuliko matangazo yanavyosema, lakini pana thamani. Basi linaloweza kusogea sambamba na jukwaa la kituo bila kuacha mwanya humsaidia mwenye kiti cha magurudumu. Mabasi yanayoongozwa na kompyuta moja yanaweza kuachana kwa nafasi sawa badala ya kufika matatu kwa mpigo baada ya nusu saa ya ukimya, na abiria wa Kimara anajua nusu saa hiyo. Mambo haya yanaweza kuanza dereva akiwa bado ndani.

6.0 Gari la Bunju Litarudi Tupu

Upande wa Kinondoni una msafiri wa aina nyingine ambaye maandiko ya nje yanamhusu zaidi: mwenye gari lake, anayeishi Bunju au Mbweni na kufanya kazi Posta. Kwake yeye gari linalojiendesha ni nafuu ya dhahiri. Atalala Barabara ya Bagamoyo nzima. Lakini foleni ya Mwenge haipungui kwa sababu waliomo wamelala. Huenda ikaongezeka, kwa sababu mbili. Kwanza, aliyekuwa akiona Bunju ni mbali ataona Bagamoyo ni karibu, na viwanja vitakatwa kuelekea huko. Pili, gari likishamshusha bosi saa mbili asubuhi halina haja ya kulipa ushuru wa maegesho; linaweza kujirudisha nyumbani tupu na kumfuata jioni. Safari mbili kwa siku zimekuwa nne, na mbili kati yake hazina mtu. Abiria wa daladala aliyesimama pembeni atachelewa kwa ajili ya gari lisilombeba yeyote. Tozo ya gari tupu, kwa maoni yangu, inapaswa kuwamo katika kanuni ya kwanza itakayotungwa, kabla hayajawa mengi na wenye nayo hawajapata sauti.

7.0 Kazi za Konda na Ukimya wa Sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtazama dereva kama binadamu: ana leseni, anaweza kulewa, anaweza kuendesha kwa uzembe, anaweza kufikishwa mahakamani. Mtu akigongwa Charambe na gari linalojiendesha, askari atamwandika nani? Mwenye gari aliyekuwa Oman? Aliyetengeneza programu? Mfuatiliaji wa mbali aliyekuwa na magari mengine kadhaa kwenye kioo chake? Katika tukio la Tempe, aliyeshtakiwa kwa jinai alikuwa msimamizi aliyekaa ndani ya gari, kampuni haikushtakiwa. Mfumo wa deiwaka umetuzoesha jambo hilohilo, kwamba hatia hushuka hadi kwa aliye chini kabisa. Sheria mpya isipotamka waziwazi kwamba mwenye leseni ya kutoa huduma ndiye dereva mbele ya sheria, mazoea hayo yataendelea. Aidha, magari haya hurekodi kila kinachopita mbele yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 italazimika kusomwa upya kwa ajili ya chombo chenye kamera kinachopita Mbagala tangu alfajiri hadi usiku.

Jambo la mwisho linamhusu konda, ambaye hatajwi kabisa katika maandiko ya magari yajiendeshayo kwa kuwa huko yalikoandikwa hayupo. Yeye hupokea nauli, lakini pia hupakata mtoto wa abiria wakati mama anapanda, humwambia mgeni ashuke wapi, hukubali "nitakupa kesho" kutoka kwa uso anaoufahamu, na usiku huwa mtu mzima aliye macho garini. Huyohuyo hunyanyasa, hutukana, na huwasukuma wanafunzi mlangoni. Nauli mpya zilizoanza Desemba 2023 ziliweka shilingi 600 kwa mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita kumi, na mwanafunzi akabaki na 200. Kila mwanafunzi anayeketi ni shilingi 400 zinazotoka kwenye salio la watu wawili wale.

Mashine haina salio, na hapa kuna nafasi ya kufanya lililo bora. Inaweza kuamriwa kumpokea kila aliyefika kituoni kwa zamu yake, awe na 600 au 200, na LATRA inaweza kuikagua kama inatii kwa kusoma kumbukumbu zake, jambo lisilowezekana kwa konda. Inaweza pia kuamriwa na mwenye nayo kupita kituo cha shule bila kusimama saa saba na nusu mchana, na hakuna atakayemwona aliyetoa amri hiyo. Sharti la kumbukumbu hizo kuwa wazi kwa mdhibiti, pamoja na idadi ya wanafunzi waliopakiwa kwa kila ruti, linaweza kuandikwa katika leseni za mabasi tuliyonayo leo, yenye madereva na mashine za tiketi.